Safari ya kazini humchosha mfanyakazi kabla ya kazi kuanza

WAHENGA walisema kuwa msafiri kafiri. Usemi huo haukukusudiwa kumkosea mtu imani yake. Maana yake ni kuwa safari humvua mtu taratibu alizozizoea, ikamfanya ale asichokipenda, alale asipopachagua na kuvumilia maneno ambayo nyumbani kwake asingeyavumilia. Waliosema hivyo waliwazia safari ya mara mojamoja, ya jahazi au ya msafara. Mfanyakazi wa leo husafiri mara mbili kila siku, siku tano au sita kwa juma, na wala hakuna amwitaye msafiri.

Kwa muda mrefu safari hiyo ya kwenda na kurudi kazini ilihesabiwa kuwa jambo dogo lisilostahili kuzungumzwa. Mwajiri huhesabu saa kuanzia mfanyakazi anapoingia mlangoni hadi anapotoka, na yaliyotokea kabla na baada ya hapo ni shauri lake mwenyewe. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umebainisha kuwa safari hiyo ina athari kwa mwili, kwa akili na kwa nyumba ya mtu. Makala haya yanaeleza athari hizo, sababu zake na njia za kuzipunguza, kwa kuutazama mtaa wa Shella katika mji wa Malindi.

Mtaa wa waendao kwa miguu

Shella ya Malindi, ambayo haifai kuchanganywa na kijiji cha Shela kisiwani Lamu, ndiyo kiini cha mji mkongwe wa Malindi. Hapo ufuoni pana msikiti wa Ijumaa na makaburi ya kale ya nguzo kando yake. Si mbali na hapo ulipo mnara unaohusishwa na Vasco da Gama, baharia Mreno aliyetia nanga Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498.

Mtaa wa namna hiyo ulijengwa kwa ajili ya watu waendao kwa miguu. Njia zake ni nyembamba, nyumba zimekaribiana, na bahari, soko, msikiti na chuo cha Kurani vyote viko karibu. Mvuvi aliteremka pwani kwa hatua chache. Fundi wa kushona alifanyia kazi barazani pake. Mama aliyeuza mahamri na mbaazi aliwangoja wateja wake mlangoni. Kazi na nyumba vilikuwa majirani, na aliyechoka aliweza kurudi kwake adhuhuri, akala, akapumzika, kisha akaenda tena.

Maisha hayo hayajatoweka, kwani wavuvi na wachuuzi wangali wapo. Lakini ajira nyingi za mshahara zimehamia mbali na mtaa. Hoteli za Watamu, ziko umbali wa kilomita zipatazo 20 kusini. Upande wa kaskazini, ng'ambo ya mto Sabaki, kuna Mambrui na mashamba ya chumvi ya Gongoni. Mji wa Kilifi uko umbali wa kilomita zipatazo 60, na Mombasa ni kilomita zipatazo 120.

Mabadiliko ya utawala nayo yalichangia. Kabla ya mwaka 2013 Malindi ilikuwa makao makuu ya wilaya yake yenyewe. Katiba ya mwaka 2010 ilipoanza kutekelezwa kwa upande wa ugatuzi, baada ya uchaguzi mkuu wa Machi 2013, Malindi ikawa sehemu ya Kaunti ya Kilifi, na makao makuu yakawa mjini Kilifi. Baadhi ya ofisi zilibaki Malindi, lakini mtu wa Malindi aliyetaka kazi katika makao ya serikali ya kaunti alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kuhama au kusafiri kila siku.

Tuchukue mfano wa karani akaaye Shella na kufanya kazi Kilifi. Akitumia saa moja barabarani, na nusu saa ya kufika kituoni na kungoja gari lijae, safari ya kwenda ni saa moja unusu. Kwenda na kurudi ni saa tatu. Kwa siku tano za juma ni saa 15, na kwa majuma 48 ya kazi ni saa 720. Hizo ni siku 30 kamili, usiku na mchana. Kwa maneno mengine, katika kila mwaka karani huyo hutumia mwezi mzima akiwa ndani ya gari au akilingoja.

Barabara ikifupika, watu huenda mbali zaidi

Huenda msomaji akadhani kuwa barabara nzuri hulimaliza tatizo hili. Historia ya pwani yetu haithibitishi hivyo. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, magari yaliyotoka Malindi kwenda Mombasa yalilazimika kuvuka hori kwa feri. Kukaa Malindi na kufanya kazi Mombasa kila siku lilikuwa jambo gumu kulifikiria. Daraja lilipokamilika, lisilowezekana likawezekana, na lililowezekana halikukawia kuwa la lazima kwa baadhi ya watu.

Mtaalamu wa Kiitaliano, Cesare Marchetti, aliandika mwaka 1994 kuwa watu wa zama na nchi mbalimbali huelekea kutumia takriban saa moja kwa siku katika kwenda na kurudi. Chombo kikiwa cha kasi zaidi, hawaubakishi muda huo nyumbani, bali huenda mbali zaidi. Mji uliopimwa kwa miguu ulikuwa mdogo, na mji unaopimwa kwa gari hutanuka. Shida huja pale umbali unapobaki mkubwa ilhali kasi imepotea kwa sababu ya msongamano. Wanaoelekea Mombasa wanaijua hali hiyo, hasa Mtwapa na Bamburi, ambako kazi ya kupanua barabara ya Mombasa hadi Kilifi, iliyoanza katika miaka ya mwanzo ya muongo huu, iliongeza foleni za magari.

Yanayotokea mwilini

Neno msongo, kwa maana ya kitabibu, lilipata umaarufu kutokana na kazi ya daktari Hans Selye, aliyeandika mwaka 1936 juu ya namna mwili unavyoitikia mashaka ya aina yoyote. Mtu akihisi hatari, ubongo huamuru tezi zilizo juu ya figo kutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, na sukari humwagwa katika damu ili misuli ipate nguvu. Hiyo ni neema kwa mtu anayekimbizwa na nyati. Hatari ikipita, mwili hutulia.

Kwa abiria aliyebanwa kitini, hakuna pa kukimbilia. Mwili umejiandaa kwa vita visivyopiganwa, na maandalizi hayo hurudiwa asubuhi na jioni. Yakiendelea kwa miezi na miaka, usingizi huharibika, kichwa na mgongo huuma, hasira huwa karibu, na hatari ya shinikizo la damu la kudumu huongezeka. Kukaa muda mrefu bila kunyoosha viungo, pamoja na chakula cha haraka kinacholiwa njiani, huzidisha madhara hayo.

Mwaka 2006 watafiti wa Kimarekani Gary Evans na Richard Wener walichapisha matokeo ya uchunguzi juu ya abiria wa treni waliotoka jimbo la New Jersey kwenda kazini Manhattan. Walipima kotisoli katika mate yao. Safari ilivyozidi kuwa ndefu, ndivyo kiwango cha kotisoli kilivyozidi kupanda, na ndivyo uvumilivu wao ulivyopungua walipopewa kazi ya kuhitaji makini mara wafikapo. Basi mwajiri adhaniaye kuwa safari ya mfanyakazi haimhusu anapaswa kufikiri tena, kwa maana anayeketi mezani saa mbili asubuhi ameshatumia sehemu ya nguvu zake.

Gari lisilo na saa

Hata hivyo, umbali peke yake hauelezi kila kitu. Watu wawili waweza kwenda masafa sawa, mmoja akafika mchangamfu na mwingine akafika amevunjika. Wataalamu wametaja mambo mawili yanayoleta tofauti hiyo. La kwanza ni kutojua utafika lini. La pili ni kukosa uwezo wa kufanya lolote juu yake. Evans na wenzake waliona kuwa abiria ambao safari yao haikutabirika walikuwa na msongo mkubwa zaidi kuliko waliojua saa ya kuondoka na ya kufika.

Hapa ndipo safari za pwani yetu zinapokuwa na adha yake maalumu. Matatu nyingi hazina ratiba, kwani huondoka zikijaa. Saa yake ni abiria wa mwisho, na abiria huyo hajulikani atatokea lini. Aliyeingia wa kwanza hungoja zaidi ya wote, kana kwamba anaadhibiwa kwa kuwahi. Gari likiondoka, husimama tena Gede, Matsangoni na Tezo kushusha na kupakia. Kwa hiyo mfanyakazi mwangalifu hujiwekea dakika za akiba. Huondoka nyumbani saa kumi na mbili ili asichelewe saa mbili, hata kama siku nyingi angefika kwa wakati akiondoka baadaye. Dakika hizo zimekatwa katika usingizi wake.

Kwa haki, haifai kumlaumu dereva wala kondakta peke yao. Wengi wao hutakiwa kumpelekea mwenye gari kiasi maalumu cha fedha kila siku, na petroli hununuliwa kabla ya faida kuonekana. Gari likiondoka nusu tupu, hasara ni yao. Wao pia ni wafanyakazi, tena safari ndiyo kazi yao, na msongo wanaoubeba mara nyingi ndio unaomwangukia abiria kwa maneno makali.

Kanuni za uchukuzi zilizoanza kutumika Februari 2004, ambazo wananchi walizipachika jina la aliyekuwa waziri, John Michuki, zilileta mikanda ya viti, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na ukomo wa abiria 14 katika matatu ndogo. Lengo lake lilikuwa usalama, lakini faida yake nyingine ni utulivu wa moyo: abiria aliyekuwa akisafiri nusu amekaa na nusu amening'inia alipata kiti chake. Kila kanuni hizo zinapolegezwa, kinachorudi si hatari ya ajali tu, bali na ule wasiwasi wa kila siku.

Nyumbani hulipa sehemu ya nauli

Mwaka 2004 mwanasaikolojia Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, pamoja na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wanawake 909 wenye ajira huko Texas. Kila mmoja alieleza siku yake ya jana, jambo baada ya jambo, na namna alivyojisikia. Safari ya asubuhi ya kwenda kazini ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyofurahisha kidogo kabisa kuliko yote ya siku nzima.

Wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey waliliona jambo hilo nchini Ujerumani kwa upande mwingine. Kwa hesabu ya kawaida, mtu akubaliye safari ndefu hufidiwa kwa mshahara mzuri zaidi au nyumba bora zaidi, hivyo furaha yake isipungue. Katika utafiti wao wa mwaka 2008 waligundua kuwa fidia hiyo haitoshi, kwani wenye safari ndefu waliridhika kidogo zaidi na maisha yao. Mtu hukumbuka ongezeko la mshahara wakati wa kukubali kazi, akasahau kuwa safari itarudiwa kila asubuhi.

Shella ina sababu yake ya kuvumilia. Anayesafiri kutoka hapo mara nyingi hatafuti bustani wala nyumba kubwa. Anataka kubaki katika nyumba ya wazee wake, karibu na mama aliyemlea na majirani wanaowatazama watoto wake. Hiyo ni mali isiyoandikwa katika hati yoyote ya mshahara. Tatizo ni kuwa safari yenyewe hula kile ambacho mtu anakusudia kukilinda. Mwanasayansi ya siasa wa Marekani, Robert Putnam, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuwa kila dakika 10 zinazoongezwa katika safari ya kazini huambatana na upungufu wa asilimia 10 hivi wa kushiriki katika mambo ya jamii. Kwa lugha ya mtaani, ni mazishi yasiyowahiwa, harusi inayofikwa watu wameshatawanyika, na baraza lisilokaliwa.

Katika ndoa pia athari huonekana. Mtafiti Erika Sandow wa Chuo Kikuu cha Umeå nchini Sweden aliripoti mwaka 2011 kuwa wanandoa ambao mmoja wao husafiri zaidi ya dakika 45 kwenda kazini walikabiliwa na uwezekano wa kutengana uliozidi wa wengine kwa asilimia 40. Mzigo huo haugawanywi sawasawa. Mwanamke anayerudi Shella magharibi akitoka Watamu au Kilifi huikuta kazi ya pili inamngoja jikoni. Katika mwezi wa Ramadhani, anayefunga hulazimika kushindana na jua, na gari lisilojaa Kilifi saa kumi na moja jioni laweza kumfanya afungulie tende barabarani.

Safari si adui daima

Si haki kusema kuwa kila safari ya kazini ni adha. Mwaka 2001 Lothlorien Redmond na Patricia Mokhtarian waliwauliza wafanyakazi wa California muda wa safari wanaoupenda. Wengi hawakutaka kukaa bila safari kabisa, na wastani wa walioutaja ulikuwa dakika 16. Mwendo mfupi humpa mtu nafasi ya kuyaacha ya nyumbani nyumbani na ya kazini kazini.

Chombo nacho kina neno. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2014, uliotumia taarifa za watu wapatao 18,000 kwa miaka 18, ulionyesha kuwa wanaokwenda kazini kwa miguu au baiskeli walikuwa na hali njema ya akili kuliko wanaoendesha gari. Lakini inafaa kulichukua fundisho hilo kwa uangalifu. Kutembea kwa hiari katika njia iliyo salama si sawa na kutembea kwa kukosa nauli kando ya barabara isiyo na njia ya miguu, kama wanavyofanya maelfu ya wafanyakazi wa Nairobi.

Pia janga la korona lilitukumbusha jambo moja. Aprili 2020 serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Kaunti ya Kilifi, kafyu ilikuwa imeshaanza, na hoteli nyingi za ufuoni zilifunga milango. Kwa wengi safari ya kazini ilikoma, na msongo haukukoma pamoja nayo, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa imekwenda. Mpishi wa hoteli hana namna ya kufanyia kazi nyumbani. Kwa hiyo suala la kushughulikia ni kuifanya safari ivumilike, kwa sababu kuifuta haiwezekani.

Yanayoweza kufanywa

Ikiwa kutojua ndiko kunakoumiza zaidi, basi dawa ya kwanza haihitaji mabilioni. Vyama vya matatu vyaweza kutenga magari machache ya asubuhi na jioni yenye saa maalumu ya kuondoka, yakiwa yamejaa au la, kwa abiria waliolipa kwa juma au kwa mwezi. Wenye gari hupata uhakika wa fedha, na abiria hupata uhakika wa muda.

Jijini Dar es Salaam, mabasi yaendayo haraka yalipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yalipewa njia zake yenyewe ili yasinaswe na foleni. Somo la Dar lina upande wa pili pia: mabasi yakipungua na abiria wakazidi, kungoja hurudi, na njia peke yake haisaidii.

Waajiri nao wana nafasi yao. Zamu za hoteli zaweza kupangwa ili zisimwachie mtu barabarani usiku wa manane, na ofisi yaweza kumruhusu anayetoka mbali kuingia na kutoka nusu saa mapema. Mwajiri atoaye gari la wafanyakazi ajue pia wajibu wake. Kwa mujibu wa sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ya fidia kwa walioumia kazini, mfanyakazi anayesafirishwa bure kwa gari lililotengwa na mwajiri na kuendeshwa na mtu wake huhesabiwa kuwa yuko kazini.

Serikali ya kaunti yaweza kupunguza safari zenyewe kwa kuzisogeza huduma Malindi, ili karani na mwananchi wasikutane kila siku katika gari moja wakielekea kwenye dirisha moja. Njia za miguu zenye taa na kivuli zingewafaa wale ambao kazi zao ziko mjini humohumo, na ambao leo hupanda tuktuk au bodaboda kwa masafa ambayo babu zao waliyatembea.

Mfanyakazi mwenyewe ana machache anayoweza kuyatawala. Kusafiri na mwenzake wa kila siku hupunguza uzito wa njia. Kushuka kituo kimoja kabla na kumalizia kwa miguu huupa mwili nafasi ya kutuliza zile homoni. Simu ikiwekwa mfukoni, nusu saa ya usingizi au ya kisomo hupatikana. Na aliye katika kuchagua kazi mpya asitazame mshahara tu. Aizidishe safari ya siku moja kwa siku za mwaka mzima, kisha ajiulize kama ongezeko analopewa linatosha kuununua mwezi huo mmoja wa maisha yake.

Dalili zinazopaswa kumpeleka mtu kwa daktari ni usingizi uliopotea kwa majuma kadhaa, maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila sababu, hasira zisizozuilika au kukata tamaa. Mtu asingoje azoee. Mwili haulizoei jambo kwa sababu tu mdomo umeacha kulilalamikia.